Mlango wa Nta Mwishoni mwa Gogo

Hapo zamani za kale, wanangu, mkuyu ulianguka, ncha yake ikabaki ikining'inia juu ya mto uliofurika. Ndani ya gogo lile kulikuwa na nyumba mbili. Pakavu aliishi Bi Nyuki, yule mdogo asiye na mwiba. Penye unyevu aliishi Bwana Mchwa na wanawe, wakila kuta.

Siku moja Bi Nyuki alitetemeka kwa hasira. Nyegere alikuwa amepasua mlango wake, akala asali, akala na watoto, akaondoka akicheka.

"Nyuki gani huyu hana mwiba? Kesho nakuja kumaliza waliobaki!"

Bi Nyuki akamgeukia jirani yake. "Na wewe ulikuwa wapi? Mimi najenga, wewe unabomoa. Kutwa kra-kra-kra!"

"Alaa! Usinitukane mbele ya wanangu! Hawa wanafanya kazi tangu utotoni. Ninyi kazi yenu kupamba mlango kwa nta, kila mwizi ajue asali iko wapi!"

Bi Nyuki akamsogelea. Mabawa yakatulia.

"Rudia hapo, jirani."

"Nasema mlango wako ndio unaomwita mwizi!"

"Basi na umwite. Peleka wanao kwenye ncha ya gogo. Kuleni ndani kote. Gome msiliguse."

Mchwa wakala, kra-kra-kra! Nyuki wakaziba mlango wa zamani kwa utomvu na tope, wakajenga mrija mpya wa nta, mrefu, unaonukia, pale kwenye ncha.

Asubuhi, Nyegere huyo! "Hodi, wenye asali!"

"Karibu, mjomba. Mlango tumeuhamishia mbele. Usiogope, hatuna mwiba."

"Niogope nini? Nimekula chatu mimi!"

Akaukimbilia mrija, mate yakimtoka. Gome likalia kwaa! Nyegere chubwi!

"Nisaidieni, majirani!"

"Majirani?" Bi Nyuki akafoka. "Jana watoto wangu walikulilia, uliwaitaje? Kitoweo!"

Maji yakamfunika, yakamfunua, yakampeleka.

Bwana Mchwa akatoa kichwa, akacheka. "Haya, Bi Nyuki, nani bora? Anayejenga au anayebomoa?"

"Nyamaza, jirani. Nina vyumba vitupu vya kufagia."

Mwonevu hutazama kama mnyonge ana mwiba, akasahau kutazama kama ana jirani.