Kwa Nini Maji ya Kivuvo Yako Chini ya Mchanga

Zamani, kabla watu wa bonde la Kivuvo hawajajua kuchimba, mto wao ulipita juu ya mchanga mwaka mzima. Mwanamke aliinama, akachota, akaenda zake. Jembe lilikuwa la kukwaruza shamba la mtama tu, na hakuna aliyewahi kujiuliza chini ya mchanga kuna nini.

Kisha kikaja kiangazi kisichotaka kuondoka. Mto ukakonda, ukawa uzi, ukawa mchanga mtupu. Watu wakahama na mbuzi wao, nyumba baada ya nyumba. Ndunge hakuhama. Mavyaa wake, bibi Syokau, hakuweza tena kutembea, na Ndunge hakuwa na moyo wa kumwacha mtu aliyempokea kama binti yake. Alimlaza kivulini kando ya mto, akamlowesha midomo kwa maji ya mizizi, mpaka mizizi nayo ikakauka.

Hapo ndipo alipotokea Muhanga, mnyama wa kuchimba mashimo. Watoto wa bondeni walikuwa wamemcheka miaka mingi: pua ya nguruwe, masikio ya punda, mkia wa kuazima. Muhanga hakuweka kinyongo. Alilaza sikio lake refu mchangani, akasikiliza kitambo, akamwambia Ndunge kwamba mto haujafa, umelala tu, na yeye anausikia unavyopumua. Atachimba, Ndunge avute mchanga kwa kapu na kamba.

Wakafanya hivyo kutwa nzima. Makucha yalishuka, mchanga ukapanda. Makucha yalishuka, mchanga ukapanda. Jua lilipoanza kupoa, mchanga ukaja umelowa. Ndunge akateremsha kibuyu. Kilirudi kimejaa tope, na kutoka shimoni ikaja sauti ya Muhanga, nzito kama ya mtu aliyejaza unga mdomoni.

“Kiache kituame, mama. Hicho ni changu, koo limejaa vumbi. Nikinywa nitashuka mara moja tu, niupasue mshipa wenyewe, na mto utapanda juu kama zamani.”

Ndunge akakiweka chini. Tope likatuama polepole, na juu yake yakabaki maji ya mafunda machache. Akayatazama. Nyuma yake pumzi ya mavyaa wake ilikuwa ikikwaruza. Akajiambia kwamba kibuyu kingine kitapanda sasa hivi, kwamba mchimbaji yuko karibu na maji kuliko wote. Akakiinua, akampelekea mavyaa wake.

Bibi Syokau alikishika kwa mikono miwili, lakini hakunywa.

“Aliyechimba amekunywa?”

“Amekunywa, mama.”

Bibi akanywa, akamaliza, akambariki.

Muhanga alipopanda alikitazama kibuyu, akamtazama bibi anayejifuta kidevu. Ndunge alianza kueleza. Muhanga akafungua kinywa ajibu, sauti haikutoka. Vumbi lilikuwa limeshaganda kooni. Akakipindua kibuyu taratibu kwa pua yake, kama mtu anayefunika chungu baada ya chakula, akaelekea porini. Ndunge alimfuata akimwita mwenzangu, mwenzangu, mpaka miiba ikamzuia.

Bibi Syokau alipona, kwa maji machache yaliyoendelea kujikusanya chini ya lile shimo. Watu waliporudi, aliwasimulia habari za Muhanga muungwana, aliyekunywa kwanza kisha akaondoka bila kuaga, kwa sababu hakupenda kushukuriwa. Ndunge alikuwa akikaa pale pale, akichambua mtama, na hakumsahihisha hata mara moja. Siku bibi alipozikwa, hapakuwa tena na mtu wa kumwambia ukweli.

Tangu wakati huo maji ya Kivuvo hukaa pale Muhanga alipoyaacha, na kila kiangazi watu huyachimba kwa mikono yao. Muhanga naye huchimba peke yake, kimya, na shimo likimalizika huliacha kwa mwingine. Na bondeni, kibuyu cha kwanza kikishatuama, hapewi mtoto wala mgonjwa. Hupewa aliye shimoni. Aliyekuwa akivuta kamba husimama mbele yake, akilitazama koo lake linavyopanda na kushuka, mpaka ahakikishe kwa macho yake kwamba amekunywa.