Nishani ya Nyumba Iliyonyamaza

Isome yote, kisha mpelekee yeyote unayemjua anayependa gwaride.

Mfalme mmoja alipeleka askari nchi ya mbali kumsaidia mfalme mwenzake kuwasaka waasi. Waasi hao hawakuvaa sare, na mchana walilima kama watu wengine, basi askari wakaishia kumwogopa kila aliyeshika jembe.

Miongoni mwao alikuwamo koplo aitwaye Sengasu. Kwao, mtu hapigiwi hodi akanyamaza. Hata mgonjwa kitandani huitikia, walau kwa kukohoa. Nyumba isiyoitika ina jambo.

Asubuhi moja kikosi kilifika kwenye nyumba iliyokuwa pembeni mwa kijiji. Viatu vingi vilikuwa mlangoni. Sengasu akapiga hodi kwa lugha ya wenyeji, kama alivyofundishwa. Kimya. Akapiga tena. Kimya, ingawa ndani watu walisikika wakijongea.

"Wanatuvizia," akawaambia wenzake. "Kaeni nyuma. Nikifa, mwambieni mama sikukimbia."

Akavunja mlango peke yake, akamimina risasi gizani mpaka zikamwishia. Waliokufa wakatangazwa kuwa ni waasi.

Aliporudi nyumbani, mfalme alimvika nishani ya ushujaa mbele ya umati. Mama yake alilia kwa furaha. Sengasu naye, tuseme ukweli, alivimba kichwa.

Kwenye karamu alikaa karibu na Lubeni, mkalimani wa jeshi, mwenyeji wa nchi ile. Lubeni hakugusa chakula.

"Koplo, kwenu mkifiwa mnafanyaje?"

"Tunalia. Matanga yetu husikika hadi kijiji cha pili."

"Kwetu aliyefiwa hasemi neno mpaka maiti izikwe. Hata akiitwa na mfalme, haitiki. Nyumba ile ilikuwa na msiba."

Sengasu akalirudisha tonge sahanini. Kesho yake alikwenda kwa mfalme, nishani mkononi.

"Mfalme wangu, niliua wafiwa. Ichukue. Nirudishe kule nikawaombe radhi, wanifanye watakavyo."

Mfalme hakushtuka.

"Nilijua kabla sijakuvika," mfalme akasema. "Watu walianza kuuliza waliokufa ni akina nani. Nikawapa shujaa, wakaacha kuuliza. Ukiivaa, wale ni waasi. Ukiivua, ni wafiwa, na mimi ndiye niliyekutuma. Ivae."

"Nitawaambia watu ukweli."

"Waambie. Anza na mama yako."

Sengasu alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamweleza yote: hodi, kimya, risasi, na maneno ya Lubeni. Alilia mbele yake bila aibu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi.

"Pole, mwanangu," akasema kwa upole. "Vita vimekuchosha. Mashujaa wote huota hivyo."

"Mama, si ndoto."

"Najua, baba. Lala kidogo."

Akaichukua nishani, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake, akambandika tena kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoka kuwaambia majirani wasipige kelele, shujaa amepumzika.

Funzo: Nishani inaweza kumziba mdomo aliyeivaa na kumzika mara ya pili aliyeuawa. Kabla hujampigia shujaa makofi, uliza adui yake alikuwa nani.