Vidole vya Bi Mizasa

Paukwa!
Pakawa!
Sufuria ya nani?
Ya aliyekoroga!

Hapo kale palikuwa na mtoto yatima, Mashavu, akilelewa na mama wa kambo, Bi Mizasa. Roho ya mama huyo, wajukuu zangu, ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia.

Bi Mizasa alisifika kwa gubiti lake la povu. Sukari huyeyushwa mpaka iwe nyekundu, hutiwa asali, kisha magadi kidogo. Papo hapo huumuka ikajaa matundu kama sega la nyuki. Sifa zilikuwa zake, lakini aliyekaa kwenye moshi ni Mashavu.

Na desturi mnaijua: anayekoroga ndiye anayekwangua sufuria. Mashavu akakoroga, Bi Mizasa akakwangua. Akakoroga tena, Bi Mizasa akakwangua. Akakoroga mara ya tatu, akanyoosha kidole aonje. Bi Mizasa akakigandamiza kwenye sufuria ya moto mpaka kikatoka lengelenge, akamwambia kinachomfaa yeye ni majivu.

Basi siku moja zimwi likanusa sukari. Likaja mpaka jikoni, likala sinia zima, likajilamba.

"Sasa namtaka mpishi," likasema. "Mwenye mkono mtamu ana nyama tamu."

Bi Mizasa, aliyezoea kujisifu kijiji kizima, siku hiyo akamsukuma mtoto mbele. "Mpishi ni huyu. Mchukue."

Mashavu hakuwa na wa kumtetea. Zimwi likalamba vidole vyake. Majivu. Likalamba tena. Majivu. Likalamba mara ya tatu, likatema.

Kisha likaushika mkono wa Bi Mizasa, uliokuwa umetoka kukwangua sufuria. Likalamba. Sukari.

"Mashavu, mwanangu," akalia Bi Mizasa, na hakuwahi kumwita hivyo, "liambie nani hukoroga."

Mashavu akalitazama lengelenge lake. "Anayekoroga ndiye anayekwangua, mama."

Zimwi likaanza na vidole. Likavitafuna kimoja kimoja, polepole, mwenyewe akiona. Likamaliza mwili, likaacha kanga tu, likaenda zake.

Mashavu akarudi jikoni. Akaipakata sufuria, akaikwangua mpaka ikang'aa, wala hakulia.

Hadithi yangu imeishia hapo, na sufuria ni tupu. Mla jasho la mwenzie, litamtokea puani.