Pambizo Zilizosafishwa

Ndugu zangu, palikuwa na mhariri mmoja, mtu makini kupita kiasi. Kwa miaka ishirini na sita alilitunza jarida la chama cha wajane. Jarida lile halikuuzwa. Nakala chache zilitoka, zikazunguka nyumba hadi nyumba, kisha zikarudi ofisini zimechakaa.

Wafadhili wakasema karatasi basi, sasa ni tovuti. Mhariri akaafiki, akamtafuta fundi wa kompyuta, na matoleo yote ya zamani yakapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Fundi akauliza wayafanyeje maandishi ya mkono yaliyojaa pambizoni. Mhariri hakuwahi kuyasoma. Yalimkera miaka yote. Akaagiza yafutwe.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Tovuti ikaonyeshwa ukutani, inang'aa, watu wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja wa viti vya nyuma akaomba afunguliwe toleo la mwaka wa mafuriko, ukurasa wa tatu. Ukafunguliwa. Pembeni peupe pe.

"Mwanangu, mbona simwoni Enesia?"

"Enesia yupi, bibi?"

"Binti yangu. Maji yalimchukua, hatukupata hata cha kuzika. Jarida lilipofika kwangu nikamwandika hapo pembeni. Si ndivyo tulivyofanya sote? Mwenye msiba aliandika, jirani akipokea jarida anajua amwombee nani."

Mhariri akaona vichwa vya wanawake vikiitikia, kimoja baada ya kingine.

"Tulisafisha, bibi," akasema. "Tulidhani ni uchafu."

Bibi hakulia. Akauliza tu, "Na karatasi zenyewe ziko wapi?"

Mhariri alikuwa amempa muuza maandazi karatasi zote za kufungia, juma lililotangulia, ofisi ipate nafasi. Asubuhi ile ya uzinduzi alikuwa amejifutia mafuta vidoleni kwa mojawapo, akaitupa bila kuitazama.

Msimcheke, ndugu zangu. Mtu yule hakuiba wala hakusema uongo. Alifanya kazi nzuri, na makofi alipigiwa.

Sisi je? Tulipoipaka rangi nyumba ya marehemu baba, nani alisoma kwanza yaliyoandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango? Tulipoingiza majina ya waumini kwenye kompyuta, tulimwuliza nani kama yupo aliyesahauliwa? Tunapenda mambo yapendeze, na hilo si dhambi. Lakini tuna haraka ya kufuta tusichokielewa, tena tunafuta kwa furaha.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujala, keti karibu na aliye mkubwa kuliko wote pale. Mwulize: "Ni nani tuliyeacha kumtaja?" Kisha nyamaza. Hata akikawia, usiinuke mpaka akujibu.