Pumzi Imefika Mkiani?

Mtu mmoja alikuwa na kaka aliyeamini kila neno lake. Kaka huyo, Eliakimu, alikuwa dereva wa treni. Mdogo mtu, Lameki, alikuwa fundi wa upepo katika stesheni ya Ngalamilo, kwenye nchi kavu ya vumbi jekundu. Kutoka Ngalamilo reli hutembea tambarare mwendo wa nusu saa, kisha huinama ghafla kwenye mteremko mrefu wa kwenda bondeni.

Treni haisimamishwi na misuli ya dereva. Husimamishwa na upepo. Upepo hutoka kwenye injini ukasafiri ndani ya bomba, behewa hadi behewa, kupitia mipira mifupi inayounganishwa kwa vichwa vya chuma. Ulikofika, breki hutii. Usikofika, behewa halimsikii dereva hata akilia, linafuata uzito wake tu. Na upepo huo huharibiwa na vitu viwili ambavyo kila mtu anavidharau: vumbi na maji. Vumbi likiwa peke yake hupulizwa likatoka. Maji yakiwa peke yake hutiririka. Vikikutana ndani ya bomba huwa tope, na tope likikauka huwa ukuta.

Basi kazi ya Lameki ilikuwa kulinda njia ya upepo. Kila asubuhi alifungua koki iliyo chini ya tangi la injini ili maji yatoke. Behewa likikatwa, aliuinua mpira wake akautundika kwenye ndoano, mdomo ukafunikwa, usining'inie wazi. Kabla ya kuunganisha aliuachia upepo kwa kishindo, yeye akasimama kando, na uchafu ukaruka nje. Halafu alitembea mpaka behewa la mwisho kabisa, akafungua koki ya mkiani, akaweka kiganja chake pale. Kiganja kikisukumwa na upepo, alijua kwamba dereva na mkia wa treni ni mwili mmoja. Zamani mkiani alipanda gadi mwenye geji yake ya kupimia upepo. Behewa la gadi liliondolewa, na kilichobaki kuthibitisha jambo hilo ni kiganja cha fundi.

Ndugu hawa wawili walikuwa na desturi waliyoirithi kwa baba yao, ambaye naye alikuwa mtu wa reli. Kabla ya kuondoka, Eliakimu alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Mdogo wangu, pumzi imefika mkiani?" Naye Lameki alijibu, "Imefika, kaka!" Honi ililia, treni ikaondoka. Kwa miaka kumi Eliakimu aliubeba umati wa watu kuelekea mteremkoni kwa neno hilo moja, na hakuwahi kushuka kwenda kujionea.

Mwezi wa tisa yaliletwa mabehewa kumi ya chumvi, yakaachwa njia ya pembeni kungoja injini. Siku hiyo jua lilikuwa kali na ndoano zilikuwa na kutu. Lameki alitundika mpira wa kwanza kwa taabu, ukachomoka. Akasema moyoni, nitakuja kesho na nyundo. Kesho alikuwa na kazi nyingine. Kesho kutwa alipita akaiona mipira inaning'inia midomo wazi, akaahidi tena. Baada ya wiki hakuiona kabisa, ingawa alipita pale kila siku. Wiki tatu mipira ile ilimeza vumbi mchana na kunywa umande asubuhi, na chumvi iliyomwagika juu yake ikazidi kuvuta unyevu. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu hakuna aliyejua isipokuwa yeye, naye alikuwa ameshasahau.

Injini ya kuyachukua mabehewa hayo ilifika siku ambayo Lameki alitukuzwa. Wakubwa walikuwa wametoka makao makuu na magari mawili kuja kumpa Lameki cheti cha miaka kumi bila ajali. Turubai lilifungwa jukwaani pa stesheni, viti vikapangwa, kipaza sauti kikajaribiwa mpaka watu wakachoka kusikia "moja, mbili". Mkewe, Rahabu, alikuwa amempigia pasi shati jeupe, kola imesimama. Lameki alikuwa amejitazama kwenye kioo asubuhi ile, na, tuseme kweli, alijipenda.

Saa nne treni ikaingia, Eliakimu akiwa dirishani. Mabehewa matano ya abiria yalibaki mbele, na tisa ya chumvi yakaungwa nyuma. La kumi liliachwa kwa sababu gurudumu lake lilikuwa na ufa. Lameki akaiendea mipira. Akaushika wa kwanza kwa ncha za vidole, akiwa amejinyoosha mbali nao. Alijua kwamba akiupuliza, vumbi jekundu litamrukia kuanzia kola mpaka mkanda. Akatazama mikono ya shati lake. Akatazama turubai, ambako mgeni mkubwa alikuwa ameshaketi. Akaunganisha bila kupuliza. Ule wa pili vilevile, mpaka wa tisa. Akafungua koki zote, akarudi mbele upesi. Mkiani hakwenda, maana nyasi za huko zilikuwa na miiba ya kunasa kwenye suruali. Alichungulia geji ya injini, akaona sindano imesimama pale inapotakiwa kusimama. Moyo ukatulia. Lakini sindano hupima bomba mpaka kwenye ukuta tu. Kilicho nyuma ya ukuta haikijui.

Eliakimu akatoa kichwa. "Leo umependeza, mdogo wangu! Ningekuwepo, ningekupigia makofi." Kisha, kama siku zote, "Pumzi imefika mkiani?"

"Imefika, kaka!"

Neno hilo lilimtoka kwa urahisi sana. Honi ikalia. Katika behewa la pili Lameki aliona bibi mmoja mzito akisukumwa mlangoni na mabinti wawili, wote watatu wakicheka, khanga yake imenasa kwenye bawaba. Kisha treni ikasogea, na mkia wa chumvi ukapita mbele yake taratibu, ukaenda zake.

Akaenda bombani kunawa mikono. Bomba la maji lilikuwa karibu na njia ya pembeni, pale lilipobaki lile behewa la kumi. Alipokuwa ananawa alimwona nyigu, mweusi, kiuno chembamba, amebeba kidonge cha udongo mbichi. Nyigu akatua kwenye mdomo wa mpira uliokuwa ukining'inia. Akaingia ndani. Akatoka bila udongo, akaruka kwenda dimbwini kuchukua mwingine.

Lameki alisimama na maji yakimchuruzika vidoleni. Akausogelea mpira ule, akatia kidole. Kidole hakikupita kifundo. Akakwangua kwa kijiti, na bonge gumu likamwangukia mkononi: vumbi, umande na chumvi vimeshikana, na juu yake nyigu amejenga chumba chake. Ndani ya chumba mlikuwa na buibui aliyechomwa akalegea, yu hai lakini hajiwezi, anangoja kuliwa. Miguu yake ilicheza kidogo. Lameki akalidondosha bonge lile.

Treni ilikuwa imeondoka dakika nane zilizopita.

Hapa ndipo ningetaka kuwaambia kwamba alikimbia. Hakukimbia. Alijiambia, huenda ni mpira huu mmoja tu. Akarudi kwenye turubai, akaketi kiti cha mbele karibu na mkewe, akaweka mikono magotini. Mgeni mkubwa alikuwa anahutubia. Lameki aliona midomo yake inacheza lakini masikioni alisikia magurudumu. Alijua kila kitakachotokea, hatua kwa hatua, kama mtu anayeijua njia ya nyumbani. Treni itainama. Kaka atavuta breki. Mabehewa ya abiria yatatii, na nyuma yake tani kwa tani za chumvi hazitasikia kitu, zitasukuma. Kaka atavuta tena. Atadhani ni breki mbovu, atadhani ni injini. Hatadhani ni mdogo wake.

Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda kifuani. Rahabu akamnong'oneza, "Una nini, baba Neema?" Hofu mbili zilikuwa zinagombana ndani yake. Moja ilisema, kaka yako atakufa na wote alionao. Ya pili ilisema, utaaibika mbele ya watu hawa, leo, ukiwa na shati hili. Nawaambieni kwa masikitiko, ya pili ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa zaidi. Dakika ishirini nzima ilishinda.

Kwenye ukingo wa mteremko kulikuwa na geti ambapo kila treni hupunguza mwendo, na mlinzi wa geti alikuwa mama mmoja aitwaye Semeni, mwenye bendera nyekundu na simu ya ukutani. Simu ya stesheni ilikuwa mezani, ndani ya ofisi, mlango wazi, hatua saba kutoka alipoketi Lameki. Alizihesabu hatua hizo mara nyingi.

"Miaka kumi," mgeni akasema, "na hakuna tone la damu lililomwagika! Fundi Lameki, njoo!"

Watu wakapiga makofi. Lameki akainuka. Cheti kilikuwa ndani ya fremu ya kioo, na mgeni alipokiinua, Lameki aliona ndani ya kioo shati jeupe lisilo na doa hata moja. Ndipo alipoogopa kweli. Akampita mgeni na mkono wake ulionyooshwa, akaingia ofisini. Mkuu wa stesheni akamfuata akimnong'oneza kwa ukali, "We Lameki, vipi? Mgeni anakungoja!" Lameki alikuwa ameshanyanyua simu, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka kiti cha mwisho.

"Mama Semeni, isimamishe treni! Pumzi haikufika mkiani. Nilimdanganya kaka."

"Mungu wangu," Semeni akasema, "hii hapa inapita getini!"

Kisha simu haikusema tena. Lameki aliisikia ikigonga ukuta, ko, ko, ko, ikining'inia kwenye waya wake. Nyuma ya mlio huo alisikia ngurumo ya magurudumu, kwanza nzito, halafu nyepesi, halafu hakuna. Rahabu alikuwa amesimama mlangoni, viganja mdomoni. Lameki aliomba kwa kutaja jina la kaka yake tu. Hajui alisimama pale muda gani. Mpaka leo akiulizwa husema hajui.

Semeni alirudi kwenye simu akihema. "Imesimama," akasema. "Nimekimbia sambamba na injini, nimepiga dirisha la kaka yako kwa mti wa bendera. Injini ilikuwa imeshaanza kuinama. Amevuta breki, mabehewa ya chumvi yakamsukuma, watu wameanguka humo ndani, wengine wanalia. Lakini imesimama."

Mipira ilifunguliwa pale pale getini. Katika mabehewa tisa, sita yalikuwa na tope lililokauka. Nyuma ya behewa la kwanza la chumvi hapakuwa na pumzi hata kidogo. Walichokonoa kwa waya, wakapuliza, wakachokonoa tena mpaka alasiri, na Eliakimu alichukua bonge moja akalitia mfukoni.

Cheti kilirudi makao makuu na gari lile lile lililokileta. Lameki hakufukuzwa, alipewa karipio la maandishi, na watu wakasema ana bahati. Juma lililofuata kaka yake alipita tena. Siku hiyo Lameki alikuwa ametundika kila mpira, amepuliza kila mmoja, ametembea kwenye miiba mpaka mkiani na kuweka kiganja. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Eliakimu akatoa kichwa dirishani.

"Mdogo wangu, pumzi imefika mkiani?"

"Imefika, kaka."

Honi haikulia. Mlango wa injini ukafunguka, na Eliakimu akashuka ngazi polepole, maana magoti yake hayakuwa ya ujana. Akatembea juu ya kokoto, akayapita mabehewa yote kumi na mawili ya siku hiyo, akafungua koki ya mkiani, akaweka kiganja chake mwenyewe. Akarudi njia ile ile. Alipompita mdogo wake alimgusa bega, akasema, "Kazi njema," akapanda. Hakuwa na hasira. Walikula pamoja Krismasi ile kama kawaida, na watoto wao walilala kitanda kimoja. Lakini alitembea hivyo kila safari, miaka sita, mpaka alipostaafu. Na kila mara Lameki alisimama kando ya injini, jibu lake bado liko hewani, akisikiliza viatu vya kaka yake vikienda mkiani na kurudi. Anasema aliziogopa hatua hizo kuliko mteremko.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu ana mtu anayetoa kichwa dirishani, akamwuliza neno moja, kisha akaondoka na jibu lake kuelekea mteremkoni. Ulipomjibu leo asubuhi, kiganja chako kilikuwa kimefika mkiani?