Siku Kalunde Alipocheka Peke Yake

Kaeni chini, watu wa Isanzwa. Chini kwenye vumbi, na wewe mwenyekiti ushuke kwenye hicho kiti chako, maana leo si siku ya vyeo. Leo ni siku yetu sisi watani wenu wa Mwabuki, wafua vyuma, wala majivu kama mnavyotuita, siku moja katika mwaka mzima ambayo tunawaambia msichopenda kusikia na ninyi hamruhusiwi kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Mwenye kununa atanuna kesho.

Zamani hizo reli haijafika, na njia ya kwenda pwani ilikuwa ya miguu tu, ikipitisha pembe za ndovu na shingo za watu, alizaliwa Kalunde binti Lugendo, naye Lugendo alikuwa mwana wa Milembe, yule Milembe aliyemzika mumewe asubuhi na jioni akashika upinde kulinda ng'ombe wake. Uzao ule haukujua kutetemeka. Kalunde alipokuwa ndiyo kwanza amevunja ungo, vijana wa vita wa Kasanda, mtu aliyejiita mtemi ingawa hakutawazwa na yeyote, waliichoma nyumba ya baba yake na kumtia binti kongwani.

Watoto wa siku hizi hamjui kongwa, basi sikilizeni. Ni mti wenye panda kila ncha. Shingo yako inakaa kwenye panda moja, shingo ya mwenzako kwenye nyingine, chuma kinapita kooni, na hapo mnalala, mnakula na mnatembea mkiwa kitu kimoja mpaka baharini. Aliyefungwa naye aliitwa Wande, msichana mwembamba mwenye kikohozi, asiyejua hata jina la mama yake. Siku ya tisa Wande alianguka. Desturi ya msafara ilikuwa kumfungua aliyeanguka na kumwachia fisi, na msimamizi alikuwa tayari ameshika nyundo ya kufungulia chuma, Kalunde alipoinama na mti ukiwa shingoni, akamsogeza yule mtoto, akamweka mgongoni, akasimama. Akatamka neno ambalo kila mtu wa Isanzwa analijua kabla hajajua kuhesabu: "Mti huu umetufunga wawili. Hautafungua mmoja."

Siku nne alimbeba, Kalunde Shingo ya Mninga, akila nusu ya chakula chake na nusu akimpa aliye mgongoni. Siku ya tano walifika kwenye mto uliofurika. Wasimamizi wakasita, wakaanza kugombana nani atangulie, na wakati wanagombana Kalunde akaingia majini na mzigo wake. Mti ni mti, hata ukiwa wa mateso. Ule uliowafunga ndio uliowafanya waelee. Maji yaliwachukua mchana kutwa na kuwatupa kwenye ukingo chini ya nyumba ya mapadri, wakiwa hai wote wawili, koo zimechubuka hadi nyama.

Kwa mapadri walikaa miaka saba. Huko ndiko Kalunde alikosikia habari za wanawake wa kale waliomshinda mwenye upanga kwa kutokukana: Agata aliyekatwa matiti, na zaidi ya wote Perpetua na Felista, mwanamke wa nyumba kubwa na mjakazi, waliotupiwa ng'ombe mwitu uwanjani mbele ya watu wanaoshangilia. Perpetua alipoangushwa hakuangalia jeraha lake. Alimwendea Felista, akampa mkono, akamwinua, wakasimama pamoja. Kalunde akabatizwa Perpetua. Wande, ambaye kila aliposikia habari hiyo alilowa machozi hadi kifuani, akaomba mwenyewe, bila kuombwa na mtu: "Mimi niiteni Felista. Siku dada atakapoingia uwanjani, nitaingia naye."

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo mliweke akilini.

Baadaye Kalunde akarudi bara na Wande na wanawake tisa waliokombolewa, akilibeba lile kongwa begani, wakaja mpaka kilima hiki mnachokalia sasa. Hapakuwa na mtu, kwa sababu hapakuwa na maji, mwamba mtupu. Akawasha moto juu ya mwamba, mwamba ulipokuwa mwekundu akaumwagia maji baridi yaliyoletwa kwa mitungi kutoka bondeni, jiwe likapasuka, akatoa vipande kwa mikono, akawasha tena. Siku arobaini. Siku ya arobaini na moja maji yalitoka, na viganja vyake havikuota ngozi laini tena mpaka mwisho. Hicho ndicho kisima mlichochota asubuhi hii, bila hata kusema asante, nawajua.

Wakajenga boma la magogo na lango moja, na komeo la lango likawa gogo zima la mninga, zito kiasi kwamba lilihitaji watu wawili. Kila asubuhi Kalunde alishika ncha hii na Wande ile, wakalinyanyua. Kila jioni wakalirudisha. Waliokuwa pamoja kwenye mti wa utumwa wakawa pamoja kwenye mti wa ulinzi. Kongwa lenyewe akalitundika juu ya mlango wa kanisa la udongo, ili kila anayeingia ainame chini yake.

Kisha akaanza kazi iliyompa jina la Mvunja Makongwa. Alishuka kwenye njia ya misafara, siku mbili, siku tatu, akarudi na watu. Aliwatoa kwa werevu, kwa kuwauzia wasimamizi pombe ya asali, kwa kupita katikati yao akijifanya mwendawazimu, na mara moja kwa nguvu tupu, alipoikunja panda ya kongwa kwa mikono miwili mpaka ikapasuka. Walifika watu sitini na wanne. Wote mnatoka kwa hao, hakuna hapa asiyetoka kwa hao, hata wewe unayejifanya babu yako alikuwa mwindaji.

Kasanda aliona mali yake inapanda kilimani. Akachoma mashamba ya Isanzwa msimu wa kwanza, akachoma wa pili. Msimu wa tatu, Wande akiwa mtoni anakata ukindu, mjumbe wa Kasanda alimtokea na kumwambia maneno machache: mtoeni Kalunde peke yake, nanyi mtalima kwa amani, mkatae, na lango lenu litaungua na waliomo ndani.

Ujumbe huo Wande hakumpelekea Kalunde. Aliwapelekea wengine. Wakakutana mara ya kwanza penye mizinga ya nyuki, mara ya pili nyumbani kwa Wande, na mara ya tatu hawakuwa na la kujadili. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa ya misimu miwili, na watoto waliokuwa wakilia usiku. Lakini wahenga wamesema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na Kalunde hakuwa na mzaliwa naye hata mmoja. Nasema kama ilivyokuwa: walimuuza aliyewanunua.

Sasa anaingia babu yetu, Mhoja mfua vyuma wa Mwabuki. Kasanda alikuwa amemlazimisha kufua minyororo, na huko kambini alisikia askari wakicheka kwamba lango la Isanzwa litafunguliwa kesho jua la utosini, na watakaolifungua ni wa ndani. Mhoja alitupa nyundo, akakimbia mpaka hapa. Akafika watu wamejaa uwanjani, wanapepeta mtama. Aliogopa. Anayeweza kumuuza mama yake atashindwaje kumuuza mhunzi? Basi akasema kwa ile njia ambayo mtani anaruhusiwa kusema lolote. Alisimama langoni na kupaza sauti:

"Kalunde, nimekuja kuchukua sanda mapema. Wenzako wamekuuza, kesho jua la utosini unapelekwa kwa Kasanda. Nivulie hiyo shuka nyeupe kabla haijaingia damu, maana nguo ya marehemu ni ya mtani."

Kalunde akacheka. Alicheka mikono kiunoni, kicheko chake kile cha kukwaruza, kwa sababu koo lilibanwa na chuma akiwa mdogo, akajibu kama inavyotakiwa: "Mla majivu wewe, hata nikifa, shuka hii haizunguki tumbo lako."

Mnajua desturi. Mtani akirusha neno, uwanja mzima hulidaka na kulirudisha, kila mtu ana lake. Siku ile hakuna aliyelidaka. Mwanamke mmoja aliinama kuokota punje ambayo haikuwapo. Mwingine alimvuta mtoto wake na kumziba mdomo. Kalunde aligeuka, kicheko kikiwa bado midomoni, kumtafuta Felista ili wacheke wote, na Felista alikuwa anatazama komeo. Hapo kicheko kikakatika. Alikuwa amecheka peke yake.

Mhoja aliona kwamba Kalunde ameelewa. Akadhani kazi yake imekwisha. Akapewa kibuyu cha asali, kama anavyopewa mtani, akaondoka.

Kalunde alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha kanisa, chini ya kongwa lake. Njia ya kutokea mabondeni aliijua, na jua lilikuwa bado juu; angeweza kufika mbali. Lakini alijua kwamba Kasanda akimkosa yeye atawakuta hawa. Akamwita Wande, akamwambia akae.

"Mdogo wangu, ungeniambia. Ningekwenda mwenyewe. Kwa nini mmeniuza, wakati nilikuwa naweza kujitoa?"

Wande alijibu akitazama chini. "Nina watoto wanne, dada. Wewe una Mungu."

Jibu hilo lilimuuma Kalunde kupita chuma cha kooni, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Akasema: "Sikuombi uje nami kwa Kasanda. Naomba unisindikize mpaka langoni. Tulinyanyue komeo pamoja, kama kila siku. Ukifanya hivyo, mimi nimekwishasahau."

Wande akasema atakuja.

Kesho yake, jua lilipokaribia utosini, Kalunde alilitungua kongwa, akaliweka begani, akasimama katikati ya uwanja. Milango yote ilikuwa imefungwa. Isanzwa nzima, watu sitini na wanne na watoto wao, na hapakuwa na hata kuku nje. Akaita, "Felista, tunakwenda." Akangoja. Akaita mara ya pili, taratibu, jinsi unavyomwita mtu aliyelala. Mara ya tatu aliita jina lile la zamani, la kwenye mti: "Wande."

Ndani ya nyumba moja, mtu alikohoa. Kikohozi kile Kalunde alikijua, alikibeba siku nne mgongoni.

Basi akaenda langoni. Lile gogo la watu wawili akalinyanyua mwenyewe, akaliegemeza pembeni, akatoka. Hakuwa amefika hatua thelathini aliposikia komeo linarudi mahali pake. Na gogo lile, watu wa Isanzwa, mtu mmoja halirudishi. Palikuwa na mikono iliyokuwa tayari nyuma ya milango, iliyokataa kutoka kumuaga na ikawahi kutoka kumfungia. Hapo ndipo alipolia. Msidanganywe kwamba watakatifu hawalii. Alilia njia nzima hadi kwa Kasanda, wala hakujificha uso. Kasanda alipolichukua kongwa amvike, Kalunde alimwambia, "Weka. Panapouma zaidi pameshaumia."

Wakaondoka naye kuelekea mashariki. Walipofika kwenye ule mto wa kale, aliingia majini kongwa likiwa shingoni, kama alivyoingia utotoni, na safari hii hakuna aliyemwona akitoka, wala ng'ambo wala chini. Siku ya saba wanawake wa Isanzwa walikwenda kuchota, wakakuta kongwa linaelea kisimani, panda zote mbili zimepasuka, hakuna shingo. Hapa juu ya mwamba, ambapo hakuna mto unaoingia. Nani alilileta, semeni ninyi.

Kasanda hakurudi tena. Wande alilichukua lile komeo, akaliburuta peke yake, akachukua siku mbili, mpaka kando ya kisima, na hapo akalikalia miaka yote iliyobaki. Watoto wake wanne walikua. Alichota maji akawanywesha, na yeye mwenyewe alikunywa maji ya mvua tu. Ndiyo maana lango la Isanzwa halina komeo hadi leo, na mgeni anayefika mlango hausukumi, anaukuta wazi.

Msidhani sisi wa Mwabuki ni wasafi. Mhoja angeweza kuuacha utani, akamshika mkono, akasema wazi mbele yenu wote. Hakufanya. Alikwenda zake, na asali ile aliila njiani, akailamba hadi vidole. Kwa hiyo kibuyu hiki mlichonipa asubuhi, nakimimina hapa mchangani kama tunavyokimimina kila mwaka. Hatuli asali yenu.

Sasa nitasema kama babu alivyosema, na anayeweza kucheka acheke, ruhusa ipo. Kalunde, wenzako wamekuuza. Nivulie hiyo shuka.

Hakuna? Hata mwaka huu hakuna.

Basi inukeni, mkachote maji.