Aliyetabasamu Kisimani

Hapo zamani, tena si zamani sana, mji wa Kiwambo ulikuwa na kisima kimoja na sharti moja. Kila Ijumaa mtawala hunywa kwanza, mbele ya watu, maji yale yale wanayokunywa wao. Kisima kikichafuka kwa uzembe, mwenye kosa hushuka kukisafisha mwenyewe, na akishashuka hapewi tena dhamana yoyote ya mji.

Mwaka wa kwanza wa utawala wake, Jumbe Mwinyikondo alikunywa. Mwaka wa pili akasema ana shughuli nyingi, akamtuma naibu wake, Zahoro. Zahoro akanywa, akatabasamu, watu wakapiga makofi.

Siwatu, mmoja wa wachota maji pale, hakupiga. Maji ya Kiwambo yana chumvi, hata mzaliwa wa pale hukunja uso. Huyu anatabasamu nini? Ijumaa ya pili akamkazia macho, Zahoro akatabasamu tena. Na kata ya kunywea ililetwa imeshajazwa, mkononi mwa Mbaruku, mlinzi wa kisima. Hakuna aliyeiona ikichotwa. Siwatu akajua pana jambo, lakini Mbaruku ndiye aliyegawa zamu za kuchota, na Siwatu aliogopa kuwekwa mwisho. Akanyamaza.

Miezi sita haikwisha, mji ukaanza kuharisha. Binti wa Siwatu akalala hajiwezi. Hapo woga ukamtoka, akaenda barazani akasema yote aliyoyaona.

Mbaruku hakukana. Alisema maji yalipoanza kunuka alimwambia Zahoro, naye Zahoro akamwamuru ajaze kata maji ya mvua. “Mimi peke yangu ndimi niliyesema. Baada ya hapo nilifuata amri.”

Zahoro akasema, “Sharti ni la mtawala. Mimi nilitumwa kunywa sumu badala yake. Nani kati yenu angekunywa?”

Jumbe akasema, “Kila Ijumaa niliambiwa mtu wangu amekunywa na ni mzima. Sikumdanganya mtu, nilidanganywa.” Kisha akamgeukia Siwatu. “Na wewe uliyeona tangu Ijumaa ya kwanza, ulinyamazia nini?”

Siwatu alichomwa moyoni, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kisima chenyewe ni chembamba, kinaingia mtu mmoja tu. Watu wakampa Siwatu kamba, wakamwambia amfunge kiunoni yule mwenye kosa. Akaishika, akawatazama wote watatu, akajitazama na yeye.

Haya, mnaonisikiliza: kamba ile ingekuwa mkononi mwenu, mngemfunga nani?